Usiniambie Uliona, Niambie Ulisimama Wapi

Wahenga walisema macho hayana pazia. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, nyinyi pia mmeiandika, na sote tukapewa alama. Mimi siipingi. Macho kweli hayana pazia. Lakini nyuma ya macho pana akili na moyo, na huko ndiko pazia lilikotundikwa. Leo nataka kutetea hoja moja tu: mtu haoni kwa macho peke yake, huona pia kwa upande aliosimama. Anayelisahau jambo hili anaweza kumwumiza mwenzake pasipo kutamka uongo hata mmoja.

Hoja hii sikuiokota njiani. Kaka yangu anasomea mambo ya mawasiliano chuoni, na alipokuja likizo alikuja na madaftari yake. Nimeyasoma yote, mengine mara mbili, hadi akanifungia sanduku. Lililonishangaza ni kwamba nadharia nyingi zilizomo humo, zilizopangwa kwa majina ya wataalamu na miaka yao, nyanya yangu anazijua. Tofauti ni kwamba yeye anazo katika methali, nao wamezipima kwa hesabu.

Nianze na mpira, kwa maana huko sisi sote ni mashahidi. Mnakumbuka mechi ya muhula uliopita kule kwa jirani zetu. Zimebaki dakika chache, mabao ni moja kwa moja, mara refa akapuliza kipenga na kuelekeza kidole kwenye kitone cha penalti. Upande wetu tuliapa kwamba mpira ulimgonga beki wetu begani. Upande wao waliapa kwamba aliunawa, tena kwa mikono yote miwili kama mtu anayejitayarisha kula. Mpira ni mmoja, beki ni mmoja, jua lilikuwa bado kali. Sasa nani alikuwa kipofu?

Swali hili liliulizwa Marekani zamani. Mwaka 1951 vyuo viwili, Princeton na Dartmouth, vilicheza kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Mchezo ulikuwa wa vita. Nyota wa Princeton alitoka uwanjani amevunjika pua, na mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Princeton walishinda, lakini maneno hayakuisha. Kila upande ulilaumu mwingine. Ndipo wataalamu wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakafanya jambo la busara. Walichukua filamu ya mchezo ule, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili, na kuwaambia wahesabu makosa. Matokeo waliyachapisha mwaka 1954. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa 9.8 kwa wastani. Wanafunzi wa Dartmouth, katika filamu ile ile, waliwaona wachezaji wao wakifanya makosa 4.3.

Hebu tulieni hapo kidogo. Filamu haina timu. Hakuna aliyelipwa adanganye. Kila mmoja alikaa akahesabu kwa macho yake mwenyewe, na bado upande mmoja ukaona makosa zaidi ya mara mbili ya yale yaliyoonwa na upande wa pili. Nyanya yangu angesikia habari hiyo angesema bila kuinua kichwa: mwamba ngoma huvutia kwake. Na kama ungemwuliza kwa nini hatukuona makosa ya beki wetu, angeongeza kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Wataalamu wamehitaji filamu, karatasi na miaka mitatu. Methali imehitaji maneno manne.

Sasa tutoke uwanjani twende kwenye sinema. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Urusi, mwelekezi wa filamu aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha chochote. Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia baadaye kwamba uso ule uliunganishwa na picha tatu mbalimbali: sahani ya supu, mwanamke aliyelala katika jeneza, na mtoto wa kike akicheza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake. Walisema jinsi alivyoitamani ile supu! Jinsi alivyomhuzunikia marehemu! Jinsi alivyomfurahia mtoto! Kumbe uso ulikuwa ule ule mmoja, na yale mengine waliyaleta watazamaji wenyewe.

Kama Urusi ni mbali, basi ingieni katika kibanda chochote cha video mtaani kunakoonyeshwa filamu zilizotiwa maneno na DJ Afro. Filamu imetoka ng'ambo, mwigizaji anasema lake, naye DJ Afro anatia lake kwa Kiswahili na Sheng. Jambazi wa kutisha anageuka kichekesho. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, ilhali mwenye filamu alitaka walie. Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maneno yaliyowekwa juu yake.

Mtasema, hayo ni mambo ya burudani, yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Fikirieni mvulana amesimama nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, kichwa amekiinamisha. Ukiambiwa amefiwa, utaona majonzi. Ukiambiwa ameiba, utaona hatia. Ukiambiwa ameitwa kupewa barua ya ufadhili, utaona unyenyekevu. Tena wengi wetu tumelelewa tusimkazie mtu mzima macho tunapozungumza naye. Nyumbani hiyo ni heshima. Mahali pengine mtu huyo huyo huambiwa, "Mbona hunitazami? Una jambo wewe!" Kichwa ni kile kile, shingo ni ile ile.

Mvulana ninayemsema yupo, ingawa jina lake silitaji. Mwajua kwamba baada ya ile penalti mawe yalirushwa, na kioo cha dirisha la jirani zetu kikavunjika. Jumatatu yake wanafunzi wanane waliandika karatasi nane, na karatasi zote nane zilisema kwamba walimwona mwenzetu mmoja wa kidato cha pili akirusha jiwe. Akapelekwa nyumbani wiki mbili. Siku ya kurudi na mzazi, mama yake, ambaye huuza mboga, alifunga kibanda chake tangu asubuhi akaja kuketi kwenye benchi letu. Mwishowe dereva wa basi tulilokodi ndiye aliyesema kwamba kijana yule alikuwa ndani ya basi tangu mapumziko, kifundo cha mguu kimemvimba, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa maji ya kukikanda. Mambo yakaishia hapo. Lakini wiki mbili za masomo hazikurudi, wala mauzo ya siku ile.

Tangu siku hiyo nimesikia wengi wakiwaita wale wanane waongo na wasaliti. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Mimi siamini kwamba walikuwa waongo. Naamini waliona walichosema, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu mwongo ukimbana sana hubadilisha maneno. Mtu aliyeona kisichokuwepo haogopi kuapa.

Ilikuwaje? Nimewauliza watatu kati yao, kila mmoja peke yake. Wote walisema waliona kofia nyekundu. Sasa mwenzetu yule ana kofia nyekundu ya michezo inayojulikana shule nzima. Lakini kofia za namna ile zilikuwa zaidi ya moja uwanjani siku ile, hata mashabiki wa jirani walikuwa nazo. Macho yaliona kofia, akili ikaongeza uso. Halafu njiani kurudi, ndani ya basi, habari ilisimuliwa kwa sauti kubwa, huyu akitia hili na yule akitia lile, na kufikia stendi ilikuwa imekuwa hadithi moja iliyokamilika. Jumatatu, swali lililoulizwa na kiranja lilikuwa hili: "Nani alimwona Fulani akirusha jiwe?"

Tazameni swali hilo vizuri. Ndani yake jibu limekwisha kukaa, limevua viatu. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Wengine waliulizwa kwa neno zito, kama kusema magari "yalipopondana". Wengine waliulizwa kwa neno jepesi, kama kusema "yalipogusana". Walioulizwa kwa neno zito walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa kwa wastani. Walioulizwa kwa neno jepesi walisema 31.8. Katika jaribio la pili walingoja wiki moja, wakauliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Lakini kati ya watu 50 waliokuwa wameulizwa kwa neno zito, 16 walisema waliviona vioo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7.

Neno moja tu katika swali limevunja vioo katika vichwa vya watu. Je, jina la mtu likitiwa katika swali litavunja nini?

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa shule ya kutwa kuliko wenzetu wa bweni. Wao habari ikitokea hulala nayo bwenini. Sisi huibeba. Jioni tunaipanda nayo matatu, makanga anaisikia, inashuka kwa mama mboga, inaingia nyumbani, na asubuhi inarudi shuleni imenenepa. Wataalamu waliochunguza uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1940 katika wilaya moja ya jimbo la Ohio, Paul Lazarsfeld na wenzake, waligundua kwamba habari haiwafikii watu moja kwa moja kutoka redioni na magazetini tu. Mara nyingi hupita kwanza kwa mtu wanayemwamini, kisha yeye huwapa wengine pamoja na maoni yake. Kila mtaa una watu hao. Kwetu ni kinyozi mmoja ambaye akisema refa alihongwa, basi refa amehongwa, hata kama kinyozi siku hiyo hakuvuka barabara.

Nguvu ya mtu anayeaminiwa si ya mchezo. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa jeshi la anga waliojaribu kupindua serikali ya Kenya walikwenda nyumbani kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakamchukua mpaka Sauti ya Kenya na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Wao walikuwa na bunduki na walikuwa na kituo. Kwa nini basi wasisome wenyewe? Kwa sababu nchi nzima iliijua sauti ile. Ndiyo sauti iliyowatangazia mpira, ndiyo sauti ya kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kilichoanza mwaka 1966. Mbotela alifariki mwaka 2025, na wazee mtaani kwetu bado wanasimulia walikuwa wapi walipoisikia sauti yake asubuhi ile. Jaribio lile lilizimwa, lakini somo lilibaki: maneno hupimwa kwa mdomo yanakotoka.

Ubaya ni kwamba mdomo husahaulika na neno likabaki. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss waliwapa watu maandishi yale yale, wengine wakaambiwa yametoka kwa mtu wa kuaminika na wengine kwa asiyeaminika. Mwanzoni waliyakubali zaidi ya yule anayeaminika. Baada ya wiki nne tofauti ile ilikuwa imetoweka. Watu walibaki na yale waliyoyasoma bila kuyafungamanisha tena na aliyeyasema. Kwa hiyo ukisikia porojo leo ukasema, "Aa, huyo ni muongo tu," usijidai umepona. Baada ya mwezi utaisimulia wewe mwenyewe ukianza na "nilisikia mahali". Ndiyo maana ile methali ya lisemwalo lipo, na kama halipo laja, mimi naiogopa. Mara nyingi linakuja kwa sababu tumelibeba.

Niongeze jambo moja kuhusu masikio. Wazazi wetu walikua wakitazama Vitimbi ya KBC, na sisi tumeona vipande vyake. Mzee Ojwang' aliongea Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na wengi waliamini kabisa kwamba mwigizaji mwenyewe ni Mjaluo. Kumbe marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Wengine walidhani yeye na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ni mume na mke hata nyumbani. Walikuwa waigizaji tu, kila mtu na jamii yake. Tulicheka, na hakuna aliyeumia. Lakini katika nchi yetu lafudhi ya mtu imewahi kuamua mambo makubwa kuliko kicheko. Aliyezaliwa miaka yetu hakuyaona ya mwaka 2007 na 2008, lakini ameyasikia mezani kwao. Mtu hufungua kinywa aseme "habari ya asubuhi", na kabla hajamaliza tumekwisha mpa kabila, chama na tabia. Hiyo pia ni kofia nyekundu.

Sasa najua mnachofikiri. Mnasema, "Kweli, watu wengine ni hivyo. Afadhali mimi." Hata hilo limepimwa jina! Mwaka 1983 msomi wa Marekani, W. Phillips Davison, aliandika kwamba watu hudhani habari na matangazo huwavuta wengine zaidi kuliko yanavyowavuta wao wenyewe. Kila mmoja anamwonea huruma jirani anayedanganyika. Kwa Kiswahili tunasema nyani haoni kundule, na hapo mjadala umekwisha.

Je, nasema basi ukweli haupo na ushahidi utupwe? La hasha! Jiwe lilirushwa kwa mkono wa mtu, kioo kilivunjika, na aliyekivunja anastahili kukilipa. Tena siwalaumu walimu wetu, kwa maana wao waliletewa karatasi nane zinazokubaliana, na nani hangeamini? Ninalosema ni kwamba karatasi nane zilizoandikwa baada ya safari moja ya basi si mashahidi wanane. Ni shahidi mmoja aliyejipiga chapa mara nane.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mambo manne yafanywe katika shule yetu panapotokea kesi kama hii. Kwanza, kila shahidi aandike peke yake na mapema iwezekanavyo, kabla hatujakaa kusimuliana. Pili, sentensi ya kwanza ya karatasi yake iwe ni mahali alipokuwa amesimama, na hatua ngapi kutoka kwenye jambo lenyewe. Tatu, aulizwe, "Eleza ulichoona," jina la mtu lisitajwe na mwulizaji. Aliyeona kofia aandike kofia, aliyesikia aandike alisikia kwa nani. Nne, atafutwe angalau shahidi mmoja asiye wa upande wetu wala wa upande wao. Katika kesi hii alikuwapo, ameketi nyuma ya usukani, na hakuna aliyemwuliza kwa wiki mbili.

Mambo haya hayahitaji pesa. Yanahitaji kalamu, karatasi na subira. Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna deni zaidi, maana ndio tunaozisifu methali jukwaani. Tukizitumia kupambia insha peke yake, tutakuwa kama mtu mwenye mwavuli aliyeuacha nyumbani kwa kuogopa usilowe.

Muhula ujao jirani zetu wanakuja kucheza kwetu. Nitakuwa nyuma ya goli la upande wa mto, hapo kwenye mti, na nitashangilia timu yetu mpaka sauti ikauke. Jambo likitokea mkaniuliza, nitawaambia nilichokiona. Lakini kabla ya kuniamini, niulizeni kwanza kama kutoka pale mtini goli la pili linaonekana.